Sikio la Upande wa Pili

Juzi, kwenye televisheni, niliona mashindano ya kulenga shabaha ambapo watoto walitengewa kundi lao kwa umri. Mawazo yakanirudisha utotoni, kwetu Kirushya, kwenye harufu ya utomvu wa mgomba uliokatwa, tuliokuwa tukiulenga kwa mishale. Alasiri moja nilitaka upinde mkubwa, nishindane na kaka yangu.

“Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili,” shangazi aliniambia; ndivyo walivyopima umri wa mtoto enzi hizo.

Vidole havikufika.

“Basi, chukua upinde mdogo.”

“Lakini mimi najua kulenga, shangazi.”

“Jicho linajua. Bega bado.”

Nililia, nikidhani anampendelea kaka. Leo najua upinde ule ungeniumiza. Nilimpigia simu kumshukuru.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Sikio umeshalifikia?”