Darasa la Ngoma la Mwalimu Redempta

Mwalimu Redempta alipangiwa kufundisha sanaa katika shule moja ya msingi pale Milanzi, enzi zile serikali ilipokuwa bado na moyo wa kufundisha watoto ngoma. Watoto wa madarasa ya juu walitoka hata Kasense, mbali, kumfuata. Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Soko likajaa mitumba na sabuni za kila rangi, shule ikaanza kudai michango, na watumishi wakaanza kupunguzwa. Ofisa elimu alimweleza bila kuzunguka: darasa lisipojaa mwaka huu linafungwa, naye ajira yake basi. Hakuwa na mume wala shamba la maana. Alikuwa na darasa lile tu.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mzee Beda, baba yake Scola mwanafunzi wake, alimpokea kwa makofi ya heshima, kama Wafipa wanavyompokea mgeni, kisha akamvunja moyo.

"Mwalimu, ngoma si amezaliwa nayo? Nitoe mchango afundishwe kucheza?"

"Anafundishwa kusoma pia, baba."

"Kusoma na hesabu, sawa. Ngoma, hapana."

Ungemjibu nini mzee wa namna hiyo? Redempta aliona dawa ni wazazi wajionee wenyewe. Jumamosi akawapeleka wanafunzi sokoni. Shule ilikuwa na ngoma moja tu, kwa hiyo alikuwa amewazoesha kupokezana, mmoja akipiga, wengine wakijibu kwa kupiga makofi na mapaja. Siku hiyo walipiga mpaka wauza maharage wakaacha mizani. Vigelegele vikapigwa. Redempta alilia kwa furaha, maskini, akiamini sasa darasa limepona.

Jumatatu viti vingi vilikuwa vitupu. Lazaro, mfanyabiashara wa mitumba, alikuwa amewachukua watoto wapige ngoma mbele ya duka lake la pale sokoni kuita wateja. Aliwalipa nguo na vihela, na wazazi wakamshukuru. Redempta alikwenda mbio, akamkuta Scola kavaa blauzi mpya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Twende shule, mwanangu."

"Baba amesema nibaki hapa." Mtoto alishangaa kumwona mwalimu ana machozi. "Si ndiyo hii uliyotufundisha?"

Redempta alitamani kumlaani Lazaro, lakini aliyewaleta watoto wale sokoni ni yeye mwenyewe, tena kwa mkono wake. Alirudi akafundisha waliobaki, na kila wiki walipungua.

Ofisa elimu alipofika, alikuta madawati matupu.

"Nimepita sokoni," alisema, na alisema kwa moyo mweupe kabisa. "Vijana wako wanapiga hasa! Umewafundisha vizuri, mwalimu. Hongera."

Kisha akanyoosha mkono apewe ufunguo wa darasa. Redempta akautoa, akasema asante.