Vitufe vya Mwenyekiti

Msusi wa mtaa wetu tulimwita Mama Tovuti, kwa sababu baada ya kusuka vichwa vya watu kutwa nzima, ndiye aliyeitunza tovuti ya mtaa: zamu za maji, misiba, funguo zilizookotwa. Ukurasa mmoja aliuandika kwa uchungu wake mwenyewe, wa wanawake wanaopigwa nyumbani: pa kukimbilia, nani wa kumpigia. Hakuutangaza. Alimwinamia mteja huku akimchana, akamnong'oneza, "Ukipata simu yoyote, fungua ukurasa wa mwisho."

Kisha, kwenye kikao cha mtaa, mwenyekiti, mtu wa kupenda sifa, akataka vitufe vya mitandao ya kijamii vibandikwe kwenye kila ukurasa wa tovuti, watu wapende na kusambaza.

"Na asiyebonyeza?" Mama Tovuti alimuuliza fundi wa kompyuta.

"Hata asipobonyeza. Akifungua ukurasa tu, mtandao unajua ni simu gani na imesoma nini. Halafu unailetea matangazo yanayofanana."

"Basi ukurasa wangu uacheni."

Mwenyekiti alicheka hadi kitambi kikamtikisika. "Una nini cha kuficha, Mama Tovuti? Weka kote!"

Vikawekwa kote. Nilikuwepo kwenye kikao kile, na nikikikumbuka kicheko chake damu inanichemka.

Mdogo wake Mama Tovuti hakuwa na simu, mumewe alishamnyang'anya. Aliusoma ukurasa ule kwa simu ya huyo huyo mume, mwanaume akiwa bafuni, kisha akafuta alichofungua kama dada yake alivyomfundisha. Akaamini mambo yamekwisha.

Jumamosi shemeji akaingia saluni, akajikalisha kwenye kiti cha wateja, kando ya mteja aliyekuwa akisukwa, mpole, anatabasamu.

"Shemeji, hii simu yangu ina vituko. Natazama mpira, inaniletea mawakili wa talaka. Natazama tena, inaniletea nyumba za wanawake waliokimbia waume zao. Nani kaifundisha mambo hayo?"

"Ni mimi," Mama Tovuti alidakia. "Niliiazima siku ile mlipokuja, nikawa naijaribu tovuti."

"Hujawahi kuishika hii simu, shemeji." Akainuka, akaitia mfukoni, akatoka.

Mama Tovuti alichomoa simu yake, akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika kwa herufi kubwa: MDOGO WANGU, TOKA HAPO NYUMBANI SASA HIVI. Chini ya maneno yake vilijipanga vile vitufe, vinang'aa. Kidole kilikuwa karibu kuchapisha alipokumbuka mdogo wake angeyasomea wapi. Simu ilikuwa mfukoni mwa yule mwanaume.

Alipiga ukelele. Akamwacha mteja na nusu ya kichwa haijasukwa, akatoka mbio pekupeku, akiliita jina la mdogo wake barabara nzima na watu wakimshangaa. Mbele yake, pikipiki ya shemeji ilikuwa imeshakata kona.