Siku Nyuki Walipowapokea Wakwe Zangu

Nyie mnaocheka nikipita, ngoja niwaeleze mwenyewe, maana kila anayesimulia anaongeza lake, na mwingine amefika mpaka kusema nilikuwa uchi (sikuwa uchi, nilikuwa na shimizi, tena jipya). Aibu niliipata, sikatai. Mimi, mke wa mrina asali wa Ugalla, mwanamke wa kujisifu mbele za watu, nilifanya jambo ambalo kule Ugalla hata mtoto halifanyi, na mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Ilikuwa wakati wa korona. Kwenye makazi yetu ya wazee hapa Mpanda geti lilifungwa, mgeni haingii, mzee hatoki, kila mtu anakula mlangoni kwake, na soga tunapiga kwa kupayuka mlango hadi mlango kama watu wanaogombana. Ndugu akija anasimama nje ya uzio wa waya, na wewe ndani unakomea kwenye kamba aliyoifunga matroni. Ukikohoa tu unapelekwa chumba cha mwisho, peke yako, na uzioni hufiki tena.

Sasa mjukuu wangu Neema, niliyemlea tangu mama yake afariki, akapiga simu ya matroni: wakwe wanakuja Jumamosi kutoka Katumba. Mengine yote walishaelewana na wajomba, limebaki neno langu tu, nitamke "nimewapokea". Baba wa kijana kasema bila bibi aliyemlea binti, harusi hakuna. Nyie, nilivimba kichwa! Tatizo nilikuwa na kikohozi. Cha vumbi tu, lakini nani angeniamini? Nikawa nakoholea ndani ya kitenge, namwambia matroni nimepaliwa na ugali.

Jumamosi asubuhi nikasema nijifukize kikatike. Nikateleka sufuria nyuma ya chumba: mwarobaini, mchaichai, majani ya limao. Ningeishia hapo ningekuwa na heshima yangu. Lakini kwenye kopo nilikuwa na masega aliyoniletea mwanangu kabla geti halijafungwa, nilishayakamua, nikayatumbukiza yote, eti nikifika uzioni ninukie asali, wakwe wajue wanaoa kwa nani. Nta inachemshwa ndani, mlango umefungwa, au usiku nyuki wakiwa wamelala; hilo nalijua tangu nilipoolewa! Ilipochemka nikaiepua, nikavua gauni, nikajifunika blanketi gubigubi, nikavuta mvuke.

Mzee Kasanda, jirani yangu na mtani wangu, akapayuka, "Bibi Kalunde! Unapika nini huko, mbona nyuki wanakuja kama wameitwa?"

"Njaa inakusumbua, mzee," nikamjibu humo humo blanketini. "Kalale!"

Wa kwanza akanichoma kisigino. Wa pili alikonichoma sisemi. Nikainuka, sufuria ikapinduka, nikatimua mbio na blanketi kichwani (nyuki ukiwafunulia uso umekwisha), sioni mbele, nafuata miguu, na miguu yenyewe haikujua njia nyingine ila ya getini. Nikajikwaa kwenye kamba ya matroni, nikaanguka, nikainuka, nikajibamiza kwenye waya. Blanketi likanasa juu ya uzio likabaki huko, na mimi nikabaki na shimizi langu.

Nafumbua macho, nawaona wakwe wamejipanga: suti, vitenge vya sare, barakoa. Baba wa kijana ananitazama, mimi namtazama. Mkwe! Mtu ambaye mbele yake hata kichwa wazi sikai!

"Mungu wangu, huyu ni nani?" akauliza.

"Ni bibi," Neema akasema, sauti kama ya mtu aliyefiwa.

Nikafungua kinywa niseme nimewapokea. Kikatoka kikohozi. Tena hakikuwa kimoja.

"Anakohoa!" shangazi wa kijana akapiga ukelele, na nyuki nao wakawa wamefika. Ambaye hakuwakimbia nyuki alikimbia kikohozi. Mkwe aliruka mtaro, kiatu kimoja kikabaki, akapotelea kwenye mahindi. Akabaki Neema peke yake, amejifunika kitenge, analia, "Bibi, umeniharibia."

Matroni akanifungia chumba cha mwisho. Sikula. Uso wote umevimba, lakini maumivu sikuyasikia, nawaza tu kwamba mtoto niliyembeba mgongoni nimemvunjia ndoa kwa masega.

Jioni matroni akaniwekea simu dirishani, akasogea mbali. Sauti ya mwanaume.

"Shikamoo, mama. Mkwe wako hapa."

"Marahaba," nikasema.

"Naangalia kwa jicho moja, lingine limeziba. Mimi nafuga nyuki, mama. Pale getini nilisikia harufu, nikawaambia wenzangu, humu kuna mjinga anachemsha nta mchana."

Mjinga mwenyewe ndiye mimi!

"Sasa nyuki wametupokea," akaendelea. "Wewe bado. Tunakusubiri."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka na nyuki. Nikalia, nikakohoa, katikati nikasema nimewapokea, nikarudia na kurudia, naogopa hakusikia.

Neema aliolewa. Geti lilikuwa limeshafunguliwa, nikacheza harusini nimejifunga vitenge viwili na khanga juu yake, hata upepo ukose pa kushika. Mkwe akaniletea ndoo ndogo ya asali, akanipa kwa mikono miwili, akainama sikioni watu wasisikie: "Mama, hii ya kulamba tu."

Basi kikohozi kikinishika siku hizi nakunywa tangawizi, kujifukiza nimewaachia wengine. Na ile asali nailamba, kwa nini nisilambe? Ila nafunga kwanza mlango, nafunga dirisha, halafu nachungulia.