Swali la Dativus Mbele ya Kuku

Leo nusura nikose mke kwa sababu ya Kilatini.

Tulikuwa Lumakanda kwa kina Nekesa, kumposa rasmi. Baba yake alifundisha Kilatini seminari hadi akastaafu. Sasa yuko katikati ya mahindi na hana wa kuongea naye.

Kuku ameshawekwa mezani, mzee akainua mkono.

"Kabla hamjala! Kilatini kina hali ya nomino inayoitwa dativus. Jina hilo lina maana gani, na limetoka wapi? Asiyejua hanichukulii binti."

Nilidhani ni utani. Nikamwangalia Nekesa. Amefunika uso.

Jamani, si utani.

Kaka yangu akapapasa simu chini ya meza. Mtandao hakuna.

Hapo mjomba Shiundu, msemaji wetu, akachukua imondo, ile firigisi aliyowekewa kama mgeni. Akasimama, akampelekea mzee kwa mikono miwili.

"Pokea, mzee."

Mzee akaitazama firigisi. Akavua miwani. Machozi!

"Amejibu! Limetoka kwenye kitenzi cha kupa. Dativus ni hali ya yule anayepewa! Miaka yote ile darasani, hakuna aliyewahi kunionyesha hivi. Binti ni wenu!"

Vigelegele. Tukala.

Tukirudi kwetu Amalemba, mjomba akaninong'oneza, "Kwani mzee alikuwa anauliza nini? Mimi silangi imondo na mwenye boma ameketi hapo."

Haya, nyinyi mliulizwa nini ukweni?