Upande wa Walio Hai

Simu ilimkuta Smaranda kwenye cherehani kiwandani: mama mkwe wake, Safta, amefariki. Alilia sana, lakini ndani ya basi shaka yake ya zamani ikamrudia. Mwaka mzima alimwachia Safta binti yake Ilinca, wa miaka mitano, pamoja na daftari la herufi, na kila Jumapili alilikuta jeupe.

"Mnafanya nini kutwa, Mama?"

"Tunaishi, mwanangu," Safta alimjibu akicheka.

Smaranda aliamini kwamba mzee anamdumaza mtoto.

Nyumbani kwa Safta alikuta mezani karatasi ya majina ambayo padre huyasoma kanisani, upande mmoja walio hai, upande wa pili marehemu. Herufi zilikuwa zimepinda.

"Nani kaandika?" alimuuliza Ilinca.

"Mimi."

"Usinidanganye, we mtoto. Bibi alikushika mkono?"

"Wala! Yeye anakanda unga, anataja majina, mimi naandika. Nikichoka tunakula."

Smaranda hakusadiki. "Haya, andika jina la Bibi nione."

Ilinca alilikata kwa mstari jina SAFTA upande wa walio hai, akaliandika upande wa marehemu, akitamka kila herufi. "Sasa yuko na Babu."

Smaranda akaketi. Aliyestahili kuombwa radhi hakuwepo tena, akamwomba Mungu.

Walimzika siku ya tatu. Padre aliyasoma majina yote. Smaranda alimbusu mama mkwe wake kwenye paji la uso, akamwinua Ilinca naye abusu. Jeneza likafungwa, likateremshwa, padre akalimwagia divai kama ilivyo desturi yao, na kila mtu akatupa konzi ya udongo.