Jumapili Tuliyobaki Watatu

Mwezi uliopita nilipanda kilima cha Sagalla kwa bodaboda, nikamwomba kijana anishushe kanisani. Akauliza kanisa gani, la barabarani ama lile gofu. Nikamwambia lile gofu, na neno likanichoma, maana ndimo nilimobatizwa.

Nyanya ndiye aliyenilea pale. Alizoea kunisimulia kwamba mawe ya kanisa yalibebwa na akina mama kutoka bondeni, mama yake akiwa mmoja wao, na kwamba nyumba za kijiji zilikuja baadaye, moja moja, watu wakitaka kuishi karibu na kengele. Jumamosi tulipiga deki sakafu kwa maji tuliyoyateka mbali. Hata leo nakumbuka baridi ya ile saruji miguuni, harufu ya popo darini, na kimanga cha muhogo na maharagwe tulichokula mlangoni tukimaliza.

Kisha chemchemi tuliyoitegemea ikakauka. Jirani yetu alitangulia kushukia mjini Voi, wengine wakafuata. Benchi zikabaki tupu, nami nikawa nacheza peke yangu nyuma ya kanisa.

Jumapili moja tulifika watatu tu: Nyanya, mimi, na mwalimu wa kanisa aliyeongoza ibada. Mwalimu alikaa akitazama mlango. Mwishowe akasema kwa upole kwamba pengine tuombe tu, twende nyumbani.

“Mwalimu, sisi tumeshakuja,” Nyanya akamwambia. “Soma.”

Akasoma. Akahubiri kwa kirefu kama kawaida yake, akituita “ninyi nyote”. Tukaimba nyimbo zote, Nyanya sauti ya juu, Mwalimu ya chini, nami nikijaribu kujaza pale katikati palipokuwa pa watu wengi.

Baadaye baba, aliyefanya kazi reli, akaja kutuchukua. Huko Voi Nyanya alisali katika kanisa kubwa lenye vipaza sauti, na alikuwa akisema kwamba hapo mtu anaweza kukosa mwezi mzima na hakuna atakayebisha hodi kumuuliza. Tulimzika huko huko chini.

Wana wa kijiji kile bado wapo. Nakutana nao sokoni Voi, tunaulizana hali za watoto, kila mtu anashika njia yake. Mimi huwasalimu kwa Kisagalla, lugha tuliyokua nayo kule juu. Wao hunijibu kwa Kiswahili.