Matusi ya Kocha

Kocha alikuwa akibangua karanga benchini na kumrushia mshika kibendera maganda, na karanga zikiisha alianza kutukana. Hakuhitaji kipaza sauti. Mshambuliaji Boakye alikuwa "mlango wa choo cha stendi, kila mtu anakusukuma." Mwenyekiti wa klabu aliambiwa mbele ya waandishi kwamba anaujua mpira kama mbuzi anavyoijua Jumapili. Ofosu peke yake, msaidizi wake tangu walipofika Kumasi, aliambulia "asante, ndugu yangu" ya sauti ya chini, na karanga chache kiganjani. Akadhani ndiyo heshima yenyewe.

Siku ya kumzika Kocha, wachezaji wa zamani walikaa chini ya turubai na nguo zao za msiba, nyeusi na nyekundu, wakitambiana matusi yake kama watu waliogawiwa urithi. "Mimi mlango wa choo," alisema Boakye, akicheka huku anafuta machozi. "Afadhali wewe," akadakia mwenzake. "Mimi alisema hata kivuli changu kinaniacha mbio." Mwenyekiti naye akalitaja lake la mbuzi kwa maringo. Wivu ukamkereketa Ofosu, kama mtoto aliyerukwa nyama ikigawiwa.

"Na wewe, mzee?" Boakye akamgeukia. "Miaka yote ile, alikuitaje?"

Ofosu akakohoa. "Aliniita... gunia la mihogo."

Wakatazamana. "Hilo si lake, mzee," Boakye akasema kwa upole. "Lake tungelijua." Kisha akamtilia karanga chache kiganjani.